Bukta Mbili za Buluu

Kabla gazeti halijapata habari, fundi alikuwa ameshajua kwamba bondia wanayemwita Komeo anahama uzani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya bondia aijuaye anayemshonea bukta.

"Mama, panua vidole viwili," Komeo alisema, akiitupa bukta ya buluu juu ya cherehani. "Naacha kilo sitini. Napanda sitini na nne."

"Unamkimbia Mwiba?"

"Sitaki kukutana naye ulingoni, basi. Na asijue. Akijua, kiburi kitampandisha anifuate. Niapie."

Fundi akaapa, akachukua wembe, akaanza kufumua mshono. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Daktari alikuwa amelitibu jicho la kushoto la Komeo mara mbili, akasema mara ya tatu hatakuwa na la kutibu. Na Mwiba, kila mpenda ngumi alijua, mkono wake wa kulia ulikuwa haukosi jicho la kushoto la mtu. Hao wawili wasikutane: hilo tu ndilo alilomwomba Mungu mwaka ule. Alikuwa amewashonea wote tangu hawajaota masharubu, tena kutoka jora moja la kitambaa.

Siku tatu baadaye Mwiba akaingia na bukta yake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, panua vidole viwili."

Sindano ikamchoma kidole. "Kwa nini?"

"Napanda. Yule Komeo simtaki mbele yangu. Lakini usimwambie, atasema namwogopa."

"Baki hukohuko sitini, mwanangu. Ndio uzani wako."

"Tangu lini fundi akawa kocha?" Mwiba akacheka, akaondoka zake.

Fundi alitaka kumwita arudi. Lakini alikuwa ameshaapa, na mdomo ulioapa ni mzito kufunguka. Akapanua na hiyo. Mwezi uliofuata orodha ikabandikwa: wote wawili, kilo sitini na nne.

Mtaa ulikufa kwa kicheko. "Hawa wanaogopana au wanatafutana?" aliuliza muuza viatu wa jirani, aliyemzidi fundi miaka kumi lakini naye, kama mtaa mzima, alimwita mama. "Mama, wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa uzi," alijibu bila kuinua macho.

Msimu ule bahati iliwatenganisha. Huko juu wote wawili walipigwa kama ngoma, kila mmoja na jitu lake, wakatolewa mapema kabla ya kukutana.

Kabla ya msimu mpya Komeo akarudi, mashavu yameingia ndani, midomo imepasuka kwa kukataa maji. "Bana, mama. Vidole vilevile viwili. Nashuka. Yeye abaki huko juu."

Safari hii fundi hakuapa. Alifunga cherehani saa nane mchana, akaenda kwa miguu hadi kambi ya Mwiba, ng'ambo ya reli. Alimkuta anaruka kamba juani, amevaa koti la mvua, jasho linamtiririka hadi ndani ya viatu. Hakuhitaji kuambiwa mtu anayejikausha hivyo anakwenda wapi.

"Usishuke," fundi alisema akihema. "Mwenzako anashuka."

Kamba ikasimama. Mwiba akamtazama, kisha akaketi palepale vumbini.

"Nimeshasaini, mama. Jana. Msimu mmoja unahama mara moja tu."

"Basi jitoe."

"Anayejitoa anafungiwa miaka mitatu. Nitakula nini?"

Fundi akageuka, akaenda hadi kambi ya Komeo. Huko alijibiwa maneno hayohayo, karibu neno kwa neno, hata kule kuketi vumbini. Alirudi nyumbani miguu inamwaka, na hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwenye ukumbi alipoona majina yale mawili yamepangwa pamoja, alibandika picha zao kila ukuta, ngumi kwa ngumi, hata kwenye mlango wa fundi. Fundi aliibandua. Asubuhi yake alikuta nyingine, na safari hii gundi ilikuwa nyingi zaidi.

Alikaa mbele ya cherehani akawaza kuzikatakata bukta zote mbili. Akawaza kulegeza mpira wa kiuno, moja ianguke ulingoni watu wacheke na pambano livunjike kwa aibu. Akacheka peke yake. Kisha akalia, maana wangeazima nyingine na kuendelea. Alichojua ni kupanua na kubana, na vyote viwili alikuwa ameshavifanya.

Asubuhi ya pambano makocha wawili walileta mifuko miwili, kila mmoja kwa wakati wake. Ndani ya kila mfuko mlikuwa na bukta ya buluu na kikaratasi. Hati mbili tofauti, ombi moja: kila bondia alitaka jina la mama aliyemzaa lishonwe mbele ya mkanda, pale ambapo ngumi hairuhusiwi kushuka chini yake.

Fundi akavaa miwani. Akakata uzi mweupe kwa meno, akautunga kwenye sindano, akashona jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi. Kisha akaivuta bukta ya pili, akalishona tena.