Ukucha Mweusi

Edrine alizima mashine ya kunyolea, akainua kidole chenye ukucha mweusi. Kibandani kwake pale soko la Custom, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kanuni ilikuwa asiyepiga kura halalamiki, na yeye aliwaambia wateja ametoka kupiga kwao Uganda juzi.

"Ulaya wamefukuza wa kushoto, wakaweka wa kulia. Kesho watawarudisha walewale," alisema. "Kenya wanalia, sisi Uganda tunalia. Kura ni bure tu!"

Mama wa chai akaweka birika chini.

"Mimi nilipiga moja, ile ya uhuru, tulipojitenga na kaskazini," alisema. "Tangu hapo wanatuambia ngoja. Mtoto yangu ameoa na hajapiga hata moja. Leta kidole nione."

Alikishika kwa mikono yake iliyolowa, kama anayepokea mtoto mchanga. Edrine alichelewa kukivuta. Safari yake iliishia Nesitu, kabla hata ya mpaka, kwenye pombe, na ukucha aliupaka rangi anayowapaka wazee wenye mvi.

Mama alitazama kidole gumba chake mwenyewe. Kilikuwa kimeshika rangi nyeusi. Akakifuta taratibu kwenye kitenge, na Edrine akahisi masikio yanamchoma.

"Mwacheni aongee," mama aliwaambia wateja. "Huyu amepiga kura."