Vichupa vya Mlangoni

Dada wa usafi alikuwa akifuta friji nyumbani kwa mchungaji alipokuta vichupa vya insulini kwenye mlango wake, kando ya mayai. Vilevile kama vya marehemu binti yake.

"Hivyo vishike taratibu, dada," mama mchungaji akasema. "Ni vya baba mchungaji. Asipojichoma asubuhi, hainuki kitandani."

Mchungaji huyohuyo ndiye aliyemshika binti wa dada huyo kichwa mbele ya kanisa zima, akatangaza: "Umepona! Sindano ni kukosa imani." Na yeye, mama mzazi, akaenda kuvimwaga vichupa vyote vya mtoto kwenye sinki, tena anaimba.

Akakifuta kichupa polepole, kama anamfuta mtoto uso.

"Kwani yeye hamumwombei?"

"Tunamwombea kila siku," mama mchungaji akajibu. "Akishajichoma."