Mkanda wa Kaishi

Mkanda wa usalama ulikuwa mzima. Haukukatika wala kuchanika, na hilo ndilo lililomnyima mjane usingizi.

Msimamizi aliuweka juu ya meza ya stoo, katikati ya makopo ya rangi, mafundi wake wawili wakiwa kando. "Kamba nayo nzima, shemeji. Kifungo tu ndicho tulichokikuta wazi."

Kifungo hakijifungui chenyewe. Ndivyo watu walivyokuwa wakinong'ona tangu msibani, na mdomo wa watu hauna mlango. Mjane hakuja kulia. Alikuja kujua jambo moja tu: mumewe alianguka kutoka ghorofani, au alijirusha?

Siku moja kabla ya kifo walikuwa wamegombana vibaya, na kulipokucha hawakusemezana. Hata ule mchezo wao wa mlangoni haukuwapo. Mume alisimama kizingitini akitazama nje, mkanda kiunoni, akakaa hivyo kitambo. Yeye akaendelea kuosha vyombo. Mwishowe mume akatoka.

"Siku ile alikuwa na huzuni?" aliuliza.

"Nani, Kaishi?" Mpaka rangi mzee alitikisa kichwa. "Shemeji, yule angekutana na huzuni njiani, huzuni ndiyo ingempisha."

Jina la Kaishi walimpa kwa sababu ya kazi aliyojitwika mwenyewe. Kifungo cha mkanda kiko mgongoni, mwenye mkanda hakioni. Sharti mwenzake akivute kwa nguvu kabla hajaning'inia ukutani kwa kamba. Kila asubuhi alimvuta mmoja baada ya mwingine, kisha akampiga kofi la bega: "Umefunga! Ukishuka, kaishi!"

Na waliishi kweli. Mzee alijifunza kuogelea akiwa na mvi zake, wajukuu wakimcheka ufukweni. Fundi wa madirisha, mwoga kuliko kunguru, alimposa yule mshona nguo aliyekuwa akimchungulia miaka nenda rudi.

"Mimi alinikalia kooni mpaka nikampigia kaka yangu simu," alisema msimamizi. "Tulikuwa hatusemezani tangu tumzike baba. Kaishi akaniambia kununiana ni kufa kwa mafungu."

Mjane aliinamisha kichwa. Maneno hayo aliyajua. Mumewe alimwambia hayohayo katikati ya ugomvi wao, naye akamjibu kwa kubamiza mlango wa chumbani.

"Kwa hiyo hakujirusha," alisema.

"Mtu yule? Haki ya Mungu hakujirusha," mzee alisema. "Kifungo hakikuwa kimefunga sawasawa, basi. Kikaachia."

Kwa mara ya kwanza tangu msibani pumzi ilimshuka hadi tumboni. Hakumwacha kwa kusudi. Ugomvi wao haukumuua. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio, na machozi yalipokauka hasira ikapata nafasi yake.

"Na nyinyi je? Mtu aliyewavuta nyote kila asubuhi, yeye alivutwa na nani? Mlishindwa hata kumgusa mgongo?"

Mzee alimtazama msimamizi. Msimamizi alitazama makopo ya rangi. Ni fundi wa madirisha aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Tulitaka, shemeji. Kila siku alikataa. Alikuwa anakuja amejifunga tayari, anatutambia: 'Msinisumbue, mimi nimeshavutwa na mke wangu mlangoni.' Tukamzoea hivyo."

Mjane alishika ukingo wa meza.

"Na siku ile?"

"Siku ile alitutambia kupita siku zote," fundi alisema. "Alisema umemvuta mara mbili."