Beseni Moja la Kiboko

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wanapeleka nguo kwa dobi, Kiboko alikuwa dobi mkubwa mwenye wafuaji ishirini na kisima chake mwenyewe.

Kisima kilipoanza kupungua, akamwita mtaalamu kutoka mbali, Korongo, amfundishe kubana maji. Korongo akazunguka siku tatu, akachora michoro, akala samaki, akaenda zake. Maji yakazidi kupungua.

Nguchiro, mfuaji wa siku nyingi, akasema, "Bosi, maji ya kusuuzia ya mwisho huwa bado safi. Tusiyamwage, tulowekee nguo zinazofuata."

"Wewe kazi yako kufua," Kiboko akafoka. "Kufikiri niachie mimi."

Hatimaye kisima kikabaki tope. Nguchiro hakungoja ruhusa. Akapanga mabeseni mstari mmoja, akawaelekeza wenzake, na kwa mapipa mawili tu ya maji yaliyosalia wakamaliza nguo za siku nzima.

Kiboko akauliza, "Nani kakufundisha haya?"

"Si wewe, Mzee? Umesahau tulivyoanza? Tulikuwa watatu na beseni moja, unafua pamoja nasi huku tunaimba. Hukumwaga hata tone."

Kiboko akaketi chini. Ule wimbo ulimrudia wote, mpaka kiitikio.

"Kumbe," akasema taratibu. "Na nini kingine nilikuwa nakijua wakati ule?"

"Hukuwa unajua mengi, Mzee," Nguchiro akajibu, akimsogezea beseni. "Ulikuwa unatuuliza."