Kaburi la Nguo

Amri alivunja laini ya simu vipande viwili, akavitupa kwenye tundu la choo. Alipogeuka, mkewe Mwantumu alikuwa amesimama nyuma yake, kopo la maji mkononi.

"Yule mtu aliyepiga jana kwenye kipindi ni wewe," Mwantumu alisema. "Ulibana pua, sawa, lakini miaka kumi nalala pembeni ya sauti hiyo. Nitaikosaje?"

Kipindi chenyewe ni Hajarudi, kile cha mtandaoni cha watu waliopotea. Watu wote wa kijiji cha Naipingo walikuwa wamebanana kwenye simu wakikiangalia, maana safari hii aliyepotea alikuwa wa kwao: Harithi, mdogo wake Amri. Mtangazaji, dada mmoja anaitwa Asmaa, alieleza yote. Miaka sita iliyopita Harithi aliondoka nyumbani asubuhi kwenda kupalilia mikorosho, amevaa fulana nyeupe na kofia ya zambarau aliyofumiwa na mama yake kwa uzi wa nailoni. Hakuonekana tena. Wiki ijayo, Asmaa akasema, tunafika Naipingo wenyewe na kundi la watu wa kujitolea, tupite shamba kwa shamba.

Ndipo simu ikaingia. Mwanamume wa Ruangwa, hakutaja jina. Kamwona Harithi mnadani Mbwemkuru anauza ufuta, mzima wa afya, tena kanenepa.

"Ni mimi, ndiyo," alisema Amri. "Sasa unataka nini? Unataka mama azikwe na kidonda kile? Mwache aamini mwanawe anakula na kulala. Ukimwambia, utakuwa umemuua wewe."

Mwantumu aliweka kopo chini. Alimjua mama mkwe wake. Kila jioni Bi Tunu haingii ndani mpaka asimame uani aite jina la Harithi kuelekea shambani, miaka sita sasa, mvua inyeshe isinyeshe. Na aliyembeba muda wote huo ni Amri. Ni yeye aliyetoa wazo la kuzika nguo za ndugu yake, ili mama apate pahala pa kusomea dua. Sheikh alinuna, akasema hayo ni mambo ya kimila, lakini hakukataza. Amri akachagua pahala mwenyewe, pembeni ya mikorosho, akachimba mwenyewe, kina cha magoti tu. Wakazika shati, msuli na kandambili. Mwaka uliofuata akapiga saruji juu, na watani wakamcheka sana: nani kakwambia shati linatoroka?

Asmaa alifika Jumatatu, yeye na kamera yake tu. Wale wa kujitolea wote wako Ruangwa, alisema, wanapita minada; shambani kuna nini tena, na mtu yuko hai? Yeye kaja kuchukua picha ya mama mwenye furaha.

Amri alishusha pumzi. Akamkaribisha kigoda, akamletea maji.

Bi Tunu akatoka ndani na jembe begani.

"Mama, wapi tena na jembe?"

"Kufukua. Mwanangu yu hai, na aliye hai hawekewi kaburi. Akirudi akalikuta, si atakufa kweli? Nguo zake zitoke zote, nizifue, nizianike, zimngoje."

Hilo Amri hakuwa amelifikiria. Jamani! Mtu anapanga uongo wake vizuri, anabana na pua, halafu anasahau kazaliwa na nani.

"Mama, saruji ile ngumu. Tumngoje Harithi aje aivunje mwenyewe."

"Aje alione? Amri, una akili kweli wewe?" Hakungoja jibu. "Bakary! Lete sururu!"

Bakary ni jirani, tena mtani wa ukoo, na kazi kama hiyo haimpiti. Kaburini, watu wamejaa, alivunja saruji huku anaimba. "Harithi, shati lako leo linatoka jela!" Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele. Asmaa hakuitoa kamera jichoni.

Mwantumu alimtazama mumewe. Jasho lilikuwa linamtiririka, na juani hakuwepo. Alimwonea huruma. Uongo wa mapenzi, aliwaza, tazama ulipotufikisha. Na siku mama atakapojua hakuna anayerudi, itakuwaje? Alimshika mkono, akaukuta wa baridi.

Shati lilitoka, nusu limeliwa na mchwa. Bi Tunu akalibusu hivyo hivyo na udongo wake. Ukatoka msuli. Ikatoka kandambili moja.

"Inatosha, mama," Amri alisema. "Ya pili imeliwa na mchwa."

"Tangu lini mchwa wakala kandambili? Chimba, Bakary. Sitaki hata kimoja cha mwanangu kibaki chini."

"Nimesema basi!" Amri alikamata mpini wa jembe. Watu wakashtuka, si kawaida yake kumpandishia mama sauti. Mwantumu akamvuta polepole.

"Mwache afurahi," alimnong'oneza. "Leo tu."

Bakary akachimba. Shimo likampita magoti, likamfika mapajani. Jembe likanasa kitu laini. Akainama, akakikung'uta udongo, akampa Bi Tunu, na vigelegele vikaanza upya.

Bi Tunu alikifuta kwa kanga yake mpaka rangi ya zambarau ikatokea. Akakigeuza ndani nje, kidole kikatafuta lile fundo la mwisho, alilolifunga kwa mkono wake mwenyewe. Kikalipata. Watu walikuwa bado wanashangilia alipoinua macho.

"Amri," alisema, "kofia hii hatukuizika."