Hospitali Moja Tu

"Baba, usijibu kitu mpaka nikwambie," alisema Bi Jela, akamshika Mwalimu mkono na kumkalisha kitini kama mtu anayetua mzigo.

Bi Jela lilikuwa jina la moyoni tu. Mwalimu hakuwahi kuthubutu kulitamka. Alikuwa amestaafu kufundisha uchomeleaji wa vyuma, kisha mkewe akafariki, na kabla machozi hayajamkauka Bi Jela alikuja na gari la mizigo akamhamishia kwake. Tangu siku hiyo funguo za geti zilikaa kiunoni mwa Bi Jela. Chumvi alipimiwa. Redio alizimiwa. Akitaka kunyoosha miguu hadi dukani, anaulizwa anafuata nini huko.

Leo walikuwa wamekuja ofisini kumkatia bima ya afya ya wazee. Wakala, msichana mwenye sauti ya upole, akawaeleza mipango miwili. Wa kwanza unalipia kila kitu, kulazwa, upasuaji na dawa, ila katika hospitali moja tu. Wa pili unamruhusu mtu kutibiwa popote, kwa daktari amtakaye, na dawa za kila mwezi zimo. Lakini akilazwa muda mrefu, sehemu ya gharama ni juu yake.

"Hiyo hospitali moja ni ipi?" aliuliza Mwalimu.

Wakala akaitaja. Ilikuwa inatazamana na geti la Bi Jela.

Mwalimu akafungua kifungo cha kola. Akaikumbuka nyumba yake iliyofungwa, karakana yake ya uani, na daktari wake wa miaka yote, mtaa wa pili tu kutoka pale. Akisaini mpango huo, ndiyo basi tena.

"Tunachukua huo," alisema Bi Jela.

"Mzee ana maradhi yoyote ya muda mrefu?" aliuliza wakala.

"Presha," alijibu Bi Jela. "Na goti la kushoto."

"Amewahi kulazwa?"

"Mara moja. Kichomi. Tulikesha naye, tukadhani hatapona."

Mwalimu akageuka kumtazama. Yeye mwenyewe hakukumbuka kitu kama hicho.

Wakala aliweka kalamu mezani. "Kwa mtu mwenye presha, mama, kikubwa ni dawa zake zisikatike na daktari anayemjua vizuri. Halafu, mwenye bima ndiye anayechagua. Mzee, wewe unasemaje?"

Vidole vya Bi Jela vikambana mkono. Mwalimu aliijua ishara hiyo. Maana yake ilikuwa nyamaza, na kila mara alikuwa ameitii: mezani, mbele ya wageni, hata kwa kinyozi.

"Wa pili," alisema. Akakohoa, akarudia. "Nataka wa pili. Na mwezi huu narudi kwangu."

Akajikunja kungoja radi. Haikupiga. Vile vidole vililegea, kimoja kimoja, vikamwachia. Mwalimu akavuta karatasi, akasaini upesi kabla woga haujamrudia. Alipomaliza alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akainuka na kwenda kusimama mlangoni, penye upepo.

Bi Jela alibaki kitini, amegeukia dirisha, mabega yamemshuka.

"Usihuzunike, mama," alisema wakala. "Mbona ni mtu mzima. Atajiangalia."

"Najua ni mtu mzima," alijibu Bi Jela, bila kugeuka. "Lakini nilizaa watano, mjukuu wangu, nikazika wanne. Huyu ndiye kitindamimba wangu."