Kibuyu cha Mwalimu Kanga

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado wanakwenda shule, Mwalimu Kanga alichoshwa na kelele za darasa lake. Akatundika kibuyu ukutani.

"Mkinyamaza, natia punje. Kikijaa, darasa zima mtakula maandazi. Akipayuka mmoja tu, nakimwaga chote!"

Wakanyamaza kweli. Tumbili alipotaka kucheka, wenzake walimkonyeza Kiboko, naye akaenda akamkalia.

Siku kibuyu kilipobakiza punje moja tu kijae, Kicheche mla kuku aliingia darasani, akamdaka mwalimu bawa kwa meno.

"Wanangu, nisaidieni!" Kanga akalia.

Darasa zima likaweka vidole midomoni. "Sss!"

Kicheche hakuwahi kuona adabu ya namna hiyo, akashindwa kujizuia. "Hongereni, watoto!" akasema. Mdomo ulipofunguka, Kanga akachomoka, akarukia juu ya kabati.

Wanafunzi wakamgeukia Kicheche kwa hasira. Kiboko akainuka taratibu, akamkalia.

Kanga akatokwa na machozi. "Kumbe mnanipenda hivi, wanangu!"

Tumbili akanyoosha mkono, akanong'ona: "Mwalimu, aliyepayuka si wa darasa letu. Tafadhali usimwage."